Amebadilika, na Hawezi Kusimulia

Mwaka 1982 watafiti watatu wa Chicago, Steven Reiss, Grant Levitan na Joseph Szyszko, waliwapa wanasaikolojia maelezo ya mtu aliyekuwa na hofu kali iliyomvurugia maisha. Maelezo yalikuwa yale yale kwa kila msomaji, ila jambo moja lilibadilishwa. Baadhi yao waliambiwa mtu huyo ana uwezo wa kawaida wa akili, wengine wakaambiwa ana ulemavu wa akili. Hofu ile ile, ikiwa ya mtu wa kwanza, ilionekana ni ugonjwa wa kutibiwa. Ilipokuwa ya mtu wa pili, haikuonekana sana kuwa ugonjwa, na haja ya kumtibu ikapungua machoni mwa wataalamu waliosomea kazi ya kutibu.

Katika nyumba za Afrika Mashariki jambo hili halihitaji utafiti ili lionekane. Kijana aliyezoea kuchota maji na kucheka na majirani ameanza kujifungia chumbani. Anasukuma sahani ya chakula, halali usiku, anajigonga kichwa ukutani. Shangazi anasema ndivyo alivyo tangu kuzaliwa. Muuguzi wa zahanati anatazama kadi, anaona ameandikiwa ulemavu wa akili, naye anasema hivyo hivyo. Hakuna anayeuliza swali ambalo lingeulizwa mara moja kama angekuwa kaka yake mwanafunzi wa sekondari: ameanza lini, na kumetokea nini?

Ulemavu wa akili ni hali ya kudumu inayoanza utotoni. Mtu huchelewa kujifunza, hupata taabu kufikiri mambo yenye hatua nyingi, na huhitaji msaada katika baadhi ya shughuli za kila siku, kidogo au kwa kiasi kikubwa. Ugonjwa wa akili ni jambo jingine kabisa. Unaweza kumpata mtu yeyote, katika umri wowote, na mara nyingi unatibika. Sonona, hofu iliyopitiliza, skizofrenia na maradhi ya hisia kupanda na kushuka hayamkwepi mtu kwa sababu alichelewa kuongea au alishindwa darasa la kwanza. Yanampata, na yanampata zaidi kuliko wengine.

Ni kwa kiasi gani? Katika jiji la Glasgow, Uskoti, Profesa Sally-Ann Cooper na wenzake waliwachunguza watu wazima 1,023 wenye ulemavu wa akili na kuchapisha matokeo mwaka 2007. Kwa uamuzi wa madaktari waliowachunguza, asilimia 40.9 walikuwa na tatizo la afya ya akili wakati huo, tabia za kujiumiza na kuumiza wengine zikiwa zimehesabiwa humo. Lakini watu hao hao walipopimwa kwa vigezo vya mwongozo wa Marekani unaotumika kila siku hospitalini, idadi ilishuka hadi asilimia 15.7. Sababu moja inaeleweka. Vigezo vingi vya mwongozo huo vinamtegemea mgonjwa aseme mwenyewe kwamba anajiona hana thamani, kwamba amekata tamaa, kwamba anasikia sauti. Anayeshindwa kuyasema hayo hahesabiwi.

Sababu za kuugua zaidi ziko nyingi, na hazikai mahali pamoja. Nyingine ziko ndani ya ubongo wenyewe. Jeraha lile lile lililoleta ulemavu, liwe ni kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, homa ya uti wa mgongo au malaria kali, linaweza pia kuleta kifafa na kuvuruga hisia. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti waliopima watoto zaidi ya 10,000 vijijini walikuta 61 kati ya kila 1,000 wana athari za wastani au kubwa za mfumo wa fahamu. Waliokuwa na kifafa au historia yake walikuwa 41 kati ya 1,000, na wenye upungufu wa uwezo wa akili 31. Hesabu hizo zinapishana, kwa kuwa mtoto mmoja anaweza kubeba matatizo mawili au matatu kwa pamoja.

Sababu nyingine ziko nje, yaani zinatoka kwetu. Mtoto anaitwa majina barabarani, haalikwi kwenye sherehe, anaachwa nyumbani siku ya sikukuu. Kisha kuna ukatili wenyewe. Mwaka 2012 jarida la The Lancet lilichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi ulioonyesha kwamba uwezekano wa watoto wenye ulemavu wa akili au maradhi ya akili kufanyiwa ukatili wa kingono ni mara 4.6 ya ule wa watoto wasio na ulemavu. Binti aliyeanza ghafla kulia anapovuliwa nguo aoge, au anayekataa kwenda kwa ndugu fulani aliyekuwa akimpenda, huenda anatoa ushahidi pekee alionao. Kumchapa kwa ukaidi wake ni kumuongezea jeraha.

Mlezi asiye daktari atajuaje, basi, kwamba hapa kuna ugonjwa? Kinachosaidia kuliko vyote ni kumlinganisha mtu na yeye mwenyewe, alivyokuwa mwaka jana. Kama hakuwahi kuongea, ukimya wake si dalili. Kama alikuwa akiimba kila asubuhi na sasa wiki tatu haimbi, hiyo ni habari. Sonona kwa mtu asiyeweza kusema "nimehuzunika" hujitokeza kwa usingizi kupotea au kuzidi, kukataa chakula au kula bila kipimo, hasira za ghafla, kujing'ata, machozi, na mara nyingi kupoteza ujuzi alioupata kwa jasho: aliyekuwa anajiosha sasa hajioshi, aliyekuwa anakwenda chooni sasa anajikojolea. Wazazi wengi huliona hili la mwisho kama uvivu au jeuri. Ni moja ya dalili nzito zaidi.

Yapo pia makosa ya upande wa pili. Watu wengi wenye Down syndrome huongea peke yao, hasa wakiwa faragha. Wanayapitia mambo ya siku, wanajipa moyo, wanapanga kesho. Mgeni akiwasikia anadhani wamepata wazimu, kumbe wanawaza kwa sauti. Hilo haliwi tatizo mpaka maongezi hayo yawe mapya kabisa, yenye hofu, mtu anaziba masikio au anakodolea macho kona isiyo na kitu. Tena, kundi hili lina hatari yake ya pekee. Kromosomu ya 21, ambayo wao wanayo ya ziada, imebeba jeni ya protini inayohusika na ugonjwa wa Alzheimer, ndiyo maana wengi hupata usahaulifu wa uzeeni wakiwa bado katika miaka ya hamsini, au hata mapema zaidi. Tezi ya shingo ikifanya kazi chini ya kiwango nayo huwapata mara kwa mara, ikawafanya wazito, wanene na wenye huzuni. Kipimo cha damu hulibaini tatizo hilo, na tiba yake ni vidonge.

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo madaktari wazoefu huanza nalo kabla ya kutaja ugonjwa wowote wa akili: mwili. Jino bovu. Usaha sikioni. Kukosa choo kwa siku nyingi, hali inayowatesa watu hawa kuliko inavyodhaniwa. Kiungulia, maumivu ya hedhi, mfupa uliovunjika pasipo mtu kujua. Mtu asiyeweza kusema "tumbo linaniuma" anaweza kumpiga aliye karibu naye, au kujipiga mwenyewe pale panapouma. Mlezi anayeona kijana anajipiga shavu la kushoto tu, kila baada ya kula, tayari ameshampa daktari wa meno nusu ya majibu.

Dawa alizonazo mgonjwa nazo zichunguzwe. Phenobarbitone ni dawa ya kifafa ya bei nafuu, iliyoenea katika zahanati za eneo letu, na imeokoa maisha ya wengi. Lakini kwa baadhi ya watu wenye ulemavu wa akili, watoto hasa, huleta ukorofi, kutotulia na hasira. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa wahudumu wasio mabingwa unashauri wagonjwa wa namna hii wapewe carbamazepine au valproate pale zinapopatikana, ingawa valproate haiwafai wasichana na wanawake wanaoweza kushika mimba. Mzazi asiache dawa ya kifafa kwa uamuzi wake, maana degedege la kuachishwa ghafla linaweza kuua. Ila ana haki ya kumwambia daktari: tabia hii ilianza baada ya dawa hii.

Kuna chanzo kimoja cha maradhi ya akili ambacho jamii zetu, kwa ukarimu wote tulionao kwenye misiba, hukisahau. Mama anapofariki, mtoto wake mwenye ulemavu wa akili, hata awe na miaka thelathini, mara nyingi hupelekwa kwa jirani mpaka mazishi yaishe. Hakuna anayemweleza. Watu wanasema hataelewa. Akirudi anakuta kitanda kitupu, nyumba imejaa wageni, na pengine siku hiyo hiyo anahamishiwa mji mwingine kwa mjomba asiyemzoea. Amepoteza mama, nyumba na ratiba ya maisha kwa mpigo, kisha miezi sita baadaye watu wanashangaa kwa nini amekuwa mkali.

Mwaka 1997 Sheila Hollins, profesa wa magonjwa ya akili wa London, pamoja na mwenzake Esterhuyzen, walichapisha utafiti wa watu 50 wenye ulemavu wa akili waliofiwa na mzazi, wakiwalinganisha na wengine 50 wasiofiwa. Waliofiwa walikuwa na dalili nyingi zaidi za maradhi ya akili na tabia zenye taabu. Walezi wao hawakuwa wakiyahusisha mabadiliko hayo na msiba. Hollins, ambaye ana mtoto mwenye ulemavu wa akili, alikuwa ameshaanza kutunga vitabu vya picha tupu visivyo na neno hata moja. Viwili vya mwanzo, vya mwaka 1989, vilihusu kufiwa na mama na kufiwa na baba. Msomaji hufungua ukurasa, huona jeneza, huona watu wanalia, na husimulia mwenyewe anachokiona. Kwa kusimulia picha, anasimulia ya kwake.

Familia isiyo na vitabu hivyo inaweza kufanya karibu yote hayo bila gharama. Mwambieni ukweli kwa maneno mafupi: mama amekufa, harudi, si kosa lako. Msimwambie amelala au amesafiri, kwa kuwa atamsubiri. Mpelekeni makaburini, mpeni nafasi ya kutia udongo kama wengine, mwachieni khanga au picha ya mama yake. Na kama inawezekana, asihamishwe nyumba mwezi huo.

Dawa za kutuliza hutangulizwa mbele ya tiba zote kwa sababu ni rahisi kutoa. Mtu anapiga kelele wodini, anachomwa sindano, kimya kinarudi. Mwaka 2008 Peter Tyrer na wenzake walichapisha katika The Lancet jaribio lililostahili kubadilisha mazoea hayo. Watu 86 wenye ulemavu wa akili na ukali wa kupiga wengine, wengi wao Uingereza na baadhi Australia, waligawanywa makundi matatu. Kundi moja lilipewa risperidone, moja haloperidol, na moja vidonge visivyo na dawa yoyote ndani yake. Baada ya wiki nne ukali ulipungua katika makundi yote. Uliopungua zaidi ulikuwa wa kundi lisilopewa dawa: asilimia 79, dhidi ya 58 ya risperidone na 65 ya haloperidol. Bila shaka kuna mtu mwenye skizofrenia anayezihitaji dawa hizi na akizikosa ataangamia. Tatizo ni kumpa asiye na ugonjwa huo, kwa sababu tu anasumbua.

Miaka saba baadaye idara ya afya ya umma ya Uingereza ilikadiria kwamba watu wazima kati ya 30,000 na 35,000 wenye ulemavu wa akili nchini humo walikuwa wakinywa kila siku dawa za saikosisi, dawa za sonona, au zote mbili, bila sababu ya kitabibu inayoeleweka. Mwaka 2016 mfumo wa taifa wa huduma za afya ukaanzisha kampeni ya kuzipunguza, hatua kwa hatua na chini ya uangalizi. Novemba ya mwaka huo huo kijana wa miaka 18, Oliver McGowan, alifia hospitalini Bristol. Alikuwa na usonji, kifafa na ulemavu mdogo wa akili. Alipewa olanzapine, dawa ya saikosisi, ingawa yeye na wazazi wake walikuwa wameonya kwamba dawa za kundi hilo zimeshamdhuru. Alipata madhara makubwa ya dawa na ubongo wake ukavimba. Leo mafunzo yanayotolewa kwa wahudumu wa afya na ustawi wa jamii wa England kuhusu ulemavu wa akili na usonji yanabeba jina lake, na sheria ya mwaka 2022 inawataka waajiri wahakikishe wafanyakazi wao wamefundishwa.

Nchi ile ile ilikuwa imeshapata aibu nyingine karibu na jiji hilo hilo. Mei 2011 kipindi cha Panorama cha BBC kilionyesha picha za siri kutoka Winterbourne View, hospitali binafsi iliyolaza watu wenye ulemavu wa akili na tabia zilizoonekana ngumu. Wagonjwa walipigwa makofi, walikandamizwa sakafuni, walimwagiwa maji wakiwa na nguo zao. Serikali ililipa, kwa wastani, pauni 3,500 kwa wiki kwa kila mgonjwa. Muuguzi mmoja alikuwa ameshalalamika kwa wakaguzi kabla ya hapo, asisikilizwe. Wafanyakazi 11 walitiwa hatiani na 6 wakafungwa. Serikali iliahidi kwamba kufikia Juni 2014 wote waliolazwa pasipo haja watakuwa wamerudishwa kuishi katika jamii. Ahadi haikutimia kwa tarehe hiyo, na miaka zaidi ya kumi baada ya kashfa, watu takriban 2,000 wenye ulemavu wa akili au usonji walikuwa bado hospitalini. Msomaji wa Dodoma au Nakuru asidhani, basi, kwamba tatizo letu ni uhaba wa fedha peke yake. Fedha zikimwagwa kwenye kuta na vitanda, mtu anaweza bado kuteswa ndani yake.

Kwetu mateso mara nyingi huwa nyumbani au kwa mganga. Ripoti ya Human Rights Watch ya Oktoba 2020 ilieleza habari za watu wenye matatizo ya afya ya akili kufungwa kwa minyororo, kamba au kufungiwa vyumbani katika nchi takriban 60, Kenya ikiwemo. Wengi wa wanaofunga si watu wakatili. Ni mama anayekwenda shamba asubuhi, hana wa kumwachia kijana mkubwa anayekimbilia barabarani. Anayetaka kamba ifunguliwe hana budi kumpa mama huyo mtu wa kushika zamu hata mara mbili kwa wiki.

Tiba ya mazungumzo nayo ilikuwa ikidhaniwa haiwafai watu hawa. Timu ya Profesa Andrew Jahoda wa Glasgow iliijaribu kwa watu 161 wenye ulemavu wa akili na sonona, na matokeo yakatoka mwaka 2017. Nusu walisaidiwa kurudia shughuli zenye maana na furaha kwao, wengine walipitishwa kwenye vijitabu rahisi vya kujisaidia, na kila mmoja aliambatana na mtu wake wa karibu. Njia ya kwanza haikuishinda ya pili. Lakini makundi yote mawili yalipata nafuu, na nafuu hiyo ilikuwa bado ipo miezi kadhaa baadaye. Shughuli zenyewe hazihitaji mtaalamu kuzibuni. Ni kwenda sokoni na kuchagua nyanya mwenyewe, kulisha kuku, kuimba kwaya au kaswida, kucheza mpira na vijana wa mtaa. Kinachohitaji ujuzi ni kugundua kwamba shughuli hizo zilikatika, na kuzirudisha polepole.

Swali la kujiua nalo liulizwe. Wapo wanaoamini mtu mwenye ulemavu wa akili hana uwezo wa kutaka kufa. Anao, hasa mwenye ulemavu mdogo anayejua kabisa kwamba wenzake wamemwacha nyuma. Akisema anataka kumfuata mama kaburini, aulizwe kwa upole anamaanisha nini, sumu za shambani na kamba ziondolewe, asiachwe peke yake, na afikishwe hospitali siku hiyo hiyo.

Sheria zipo. Tanzania ina Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, na Kenya iliirekebisha sheria yake ya afya ya akili mwaka 2022. Nchi zote mbili zimeridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu. Hata hivyo mzazi akifika kliniki huonana na mtu mmoja mwenye foleni ndefu, kwa dakika chache. Dakika hizo zinaweza kupangwa. Kwa wiki mbili kabla, andika kwenye daftari saa alizolala, alichokula, siku aliyopata choo, siku ya hedhi au ya degedege, na kila tukio la ukali: lilianzaje, nani alikuwepo, liliishaje. Rekodi video fupi kwa simu, ionwe na daktari peke yake. Beba dawa zote, na za kienyeji pia, hata kama unaona haya kuzitaja.

Kisha lipo daftari la pili, linalowahusu zaidi wazazi waliozeeka. Liandikwe wakati mama bado yupo: mtoto anapenda kuitwa jina gani, anaonyeshaje kwamba anaumwa, anaonyeshaje kwamba ana furaha, anaogopa nini, analalaje, kipi humtuliza, dawa ipi ilimdhuru na mwaka gani. Nakala moja ikae kwa ndugu atakayemchukua, nyingine kwenye faili lake la hospitali.